Radi ya Debe

Mjukuu wangu amenisikizisha kwenye simu muziki wa okestra uliotungwa kuigiza mvua ya masika. Ngoma ziliponguruma nikaanza kumsabihi Mola, kama tufanyavyo kwa radi, kisha nikasita, nikaitazama ile simu kwa shaka.

Utotoni, huku Kisauni, mimi na dada tulipiga debe nyuma ya nyumba kuigiza radi. Bibi, Mola amrehemu, akasabihi, akakimbilia kuanua mpunga wake. Alipotufuma, alicheka. “Mwanitia wazimu, nyinyi.”

Kesho yake radi ya kweli ilinguruma tukiwa chuoni tukisoma Kurani. Bibi hakuinuka, akidhani tumesharudi na debe letu. Tuliporudi tumerowa, tulimkuta akiuzoa mpunga matopeni.

“Na hii,” akauliza, “ilikuwa yenu ama Yake?”