Mama ameleta picha ya Saidi dukani

Leo mama ameniumbua bila hata kupandisha sauti.

Kompyuta yangu ya dukani, hapa mtaani Buyenzi, nisipoitumia inawafanyia hesabu wanasayansi wa mbali kupitia intaneti. Bure! Kila mteja namwambia kwa majivuno: "Hii inatafuta."

Basi mama ameingia na picha ya Saidi, mdogo wangu fundi. Alikwenda Ruziba, hapo jirani kando ya ziwa, kutengeneza injini ya boti, hakurudi. Mwaka wa tatu huu, na vita bado.

"Iweke humo. Si inatafuta?"

Ikabidi niseme: "Mama, inatafuta kama kuna watu huko kwenye nyota."

Akaifuta picha kwa kanga.

"Nyota munafika. Ruziba hapa, apana?"

Akaondoka.

Mungemjibu nini nyinyi wenzangu ambao kompyuta zenu pia zinatafuta? Na leo mutu asiniandikie habari za sayansi.