Moto Kwenye Kitalu cha Miti

Baba yetu aliuawa na mti. Alikuwa akikata kuni za bani, ile nyumba ya udongo isiyo na madirisha ambamo tumbaku hukaushwa kwa moto siku nyingi mfululizo. Mti wa mtundu aliokuwa akiukata ukageuka, ukamwangukia kifuani. Tulimtoa kwa kukata matawi, na shoka mojawapo nililishika mimi. Mama alikuwa ameshatangulia. Nikaacha shule darasa la tano, nikabaki na wadogo zangu wawili, wasichana kama mimi.

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Goweko, kilikuwa kipya. Kila kaya ilidaiwa siku za kazi za pamoja, na isiyotimiza haikupata mgao. Mimi peke yangu nisingeweza kutimiza siku za kaya nzima, na baba mdogo alikuwa ameshaamua. Anayenifuata aache shule, akafunge majani ya tumbaku kwake. Mdogo kabisa apelekwe kwa shangazi, huko Ipuli.

"Nyumba isiyo na mwanamume si nyumba," alisema. "Ni kichaka chenye mlango."

Kisha zikaja mbegu. Halmashauri ya wilaya ilitangaza msaada wa saruji, mabomba na pampu ya kisima kwa kijiji kitakachootesha miti na kuipanda kuzunguka chemchemi yake, maana mabani yalikuwa yameumaliza msitu na chemchemi zilikuwa zikikauka. Bwana misitu akatuletea mfuko wa mbegu. Hakuna mwanamume aliyeitaka kazi hiyo. Waliiita kunywesha nyasi. Mwenyekiti akanipa mimi, akatamka mbele ya mkutano: kitalu kikiwa hai siku bwana misitu atakaporudi, kazi yangu itatosha kwa kaya yetu na sisi tutabaki pamoja. Kikifa, baba mdogo atawachukua watoto.

Nilitengeneza matuta matano bondeni, kando ya matuta ya tumbaku, kwa kuwa maji yalikuwa huko. Niliyapa upana uleule alionifundisha baba kwa tumbaku, nikayafunika kwa nyasi vilevile. Hapo ndipo nilipokosea. Mkulima wa tumbaku hamwagi mbegu kabla ya kuchoma tuta. Hurundika matawi makavu juu yake na kuyawasha, moto uue magugu na wadudu, ndipo apande. Mtu akiliona tuta limefunikwa halijachomwa, mkono wake wenyewe hutafuta kiberiti.

Asubuhi moja mwenyekiti akaamuru vitalu vyote vya tumbaku vya kijiji vichomwe. Wanaume wakashuka bondeni na mgambo mmoja, baba mdogo akiwa mbele. Mimi nilikuwa chemchemini. Niliuona moshi nikijitwisha debe.

Nilipofika, matuta matatu yalikuwa yakiwaka. Baba mdogo alikuwa akiburuta matawi kuelekea la nne.

"Baba, hilo lina mbegu! Nimeshamwaga!"

"Mbegu gani? Mimi naona nyasi."

"Za miti. Angalia chini yake."

Aliangalia. Aliinua nyasi kwa ncha ya mguu, na miche ilikuwepo, imejikunja, myembamba kama uzi. Wenzake walikuwa wamekosea. Yeye, kuanzia hapo, hakukosea tena.

"Leo hii watoto wanahamia kwangu," akasema, akatupa tawi juu ya tuta.

"Binti kaivisha miti kabla haijaota!" mgambo akapiga kelele, na wengine wakacheka.

Nikamwaga debe zima juu ya tuta. Baba mdogo akanizaba kofi, nikaanguka, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshika kijinga cha moto. Nikaokota mpini wa jembe, nikampiga mkono ule ulioshika moto. Mfupa ulilia kama kuni kavu.

Wakanivamia wote. Ngumi sizikumbuki zote. Nakumbuka jino langu kwenye majivu, na kiatu cha mgambo juu ya mkono wangu wa kushoto. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Nililalia tuta la nne. Walipoanza kuniburuta kwa miguu nilichimbia kucha udongoni, kisha nikahisi miche iking'oka chini ya vidole vyangu. Nikaachia. Wakaniburuta walivyotaka, lakini tuta lilikuwa limelowa, moto haukulishika wala haukufika la tano.

Kwenye mkutano nilisimama na uso uliovimba.

"Umemvunja baba yako mkono," mwenyekiti alisema.

"Nimemvunja."

"Unajuta?"

"Najuta kuchelewa. Ningewahi, matuta yangebaki matano."

Wanawake waliangua kicheko. Mgambo akainuka na fimbo, mwenyekiti akamwambia akae chini. Ahadi ya kitalu ikabaki palepale. Lakini kwa kuwa mkono ni mkono, nikaamriwa nimfanyie baba mdogo kazi ya bani msimu mzima.

Baba alitufundisha kwamba mbegu haimwagwi yote. Nilikuwa nimebakiza kiasi kwenye kibuyu, darini. Nikayapanda upya yale matuta matatu yaliyoungua, nikayazungushia yote matano miiba. Wadogo zangu walilinda kwa zamu, na mkubwa wao hakukosa shule hata siku moja.

Tumbaku ilipoiva, asubuhi nilimwagilia miti, mchana nikachoma miti. Nilisukuma magogo ya mtundu kwenye tanuri hadi nyusi zikaungua. Baba mdogo alikaa kwenye kigoda, mkono mbovu ameupakata.

"Chochea, mama miti. Chochea, moto usilale."

Nilichochea. Sikumwamkia hata siku moja, naye hata siku moja hakuacha kuingoja shikamoo yake.

Bwana misitu alirudi mvua zikiwa nyingi. Alipita katikati ya matuta, akainama hapa na pale, akashika mche mmoja shingoni.

"Inatosha," akasema. "Pampu mtapata."

Siku ya kupanda, mashimo yakiwa tayari kuzunguka chemchemi, kila kaya ilikuja kuchukua miche kwangu. Baba mdogo alisimama kwenye mstari kama wengine. Ilipofika zamu yake aliunyoosha mkono ule niliouvunja, umeunga vibaya, umepinda kama mundu. Wadogo zangu walikuwa nyuma yangu na madebe yao ya maji.

Nikamkabidhi mche. Sikusema shikamoo, na safari hii hakuingoja.

"Wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha shimo.