Sakafu ya Régine Ilipovimba

Régine aliogopa kitu kimoja tu: ardhi. Mwaka volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, moto wake ulimchukua mama yake shambani, na tangu hapo hakuamini udongo wowote, hata huu wa kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, uliotulia kama ng'ombe aliyeshiba. Kila asubuhi, kabla ya kukaanga mandazi yake ya kuuza, alipapasa sakafu kwa kiganja. Majirani tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Basi Novemba ile sakafu ikavimba kweli. Kando ya kitanda cha mama mkwe wake palitokea kinundu, kesho yake kikapasuka nyufa. Tukamwita Ambroise, aliyekuwa akifundisha jiografia Goma na ambaye tangu avuke mpaka alikosa mtu wa kumfundisha.

"Jiwe likiyeyuka linakuwa jepesi kupita mawe ya pembeni," alisema kwa raha zake. "Yale mazito yanalisukuma, linapanda sawa mawese ndani ya maji. Hata munyu, ile chumvi iliyozikwa chini, iko inafanya vile. Udongo unailalia, nayo inajipenyeza polepole, inainua kila kitu."

"Sasa hii, Mwalimu, njo munyu ao njo moto?" Régine akauliza.

"Munyu haina joto," akajibu, akaweka mkono. Akauondoa mbio. Kinundu kilikuwa na joto! Elimu yote ikamwisha usoni, akatuambia tutoke nje.

Régine akafunga mizigo akimbilie kwa binamu yake Mtandire, kule Lilongwe. Lakini mama mkwe hakuinuka.

"Mi nimekimbia sana, binti yangu. Tena siwezi. We enda na Mungu."

Régine akakaa chini akalia. Kumbeba hakuweza, kumwacha hakuweza. Nilimwonea huruma.

Jioni mvua ya kwanza ikanyesha. Kinundu kikafunguka, na kutoka ndani yake wakamiminika kumbikumbi, wengi ajabu, wakajaa nyumba nzima. Kumbe mchwa! Ndio walioinua sakafu, na joto lilikuwa la kiota chao. Ambroise alicheka mpaka akaegemea ukuta, nasi tukakimbilia masufuria, maana kitoweo kimejileta chenyewe.

Régine hakula. Alishusha pumzi ndefu, akafungua mizigo, akatoa blanketi, akapanda kitandani kwa yule bibi.

"Mama, sogea kidogo," alisema. "Tunabaki."

Bibi akasogea.