Kikombe Chenye Rangi ya Kucha

Nakumbuka siku moja mama yangu alichagua kibuyu kimoja kati ya vibuyu vyetu, akakifunga kamba ya katani shingoni, akakitundika peke yake karibu na mlango. Hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo dada yangu Marta alinywea kibuyu hicho, sisi wengine tukanywea vile vingine. Nami, mwanangu, nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kujua sababu. Dada alikuwa na mimba, na hakuwa na mume.

Hapo ni kijijini Daudi, Mbulu, kwenye baridi ya kuuma masikio. Usidhani tulikuwa watu wasiomjua Mungu. Tulibatizwa wote. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kile chuma cha kugongea ibada kilining'inia uani kwetu. Lakini mila ilikuwa imelala tu, haikuwa imekufa. Wazee walimwita msichana wa namna hiyo metimani, mtu wa kutengwa. Asichote maji na wenzake. Asiingie zizini. Asiote moto wa wengine. Na kabla mvua haijaanza aondoke kabisa katika nchi, la sivyo mvua itakimbia na ng'ombe wataharibu mimba. Mwinjilisti wetu alijua yote hayo akanyamaza. Alikuwa na shamba kama wenzake, naye aliitaka mvua.

Nimeanza na kibuyu hicho makusudi. Nina hasira, mwanangu, na sitaificha eti kwa sababu mimi ni bibi na bibi anatakiwa kucheka na kugawa karanga.

Likizo hii mjukuu wangu Rebeka, mtoto wa binti yangu, alikuja kwangu hapa Endagikot. Anasoma chuo kikuu cha kanisa. Nilikiombea chuo hicho kabla hata hajakwenda. Anasema wanaamka na sala na kulala na sala. Chumbani wako wasichana wanne, wanachanga unga na maharage, wanapika sufuria moja. Mmoja akiugua wengine wanamfulia. Nilipokuwa nasikia hayo moyo wangu ulikuwa unakunywa maziwa. Nikasema, basi, watoto wetu wamepata kitu ambacho sisi hatukukipata.

Tulikuwa tumekaa tunachambua maharage. Akasema, kama mtu anayesema kesho ni soko:

"Ila sasa tunapika watatu, Bibi. Yustina tumemtenga."

"Ana ugonjwa gani?"

"Ana mimba."

Niliendelea kuchambua. Nilitaka amalize.

"Hatujamfukuza," akasema haraka. "Tumemtenga kwa upendo, ili atubu. Mimi ndiye katibu wa ushirika wa maombi, kwa hiyo ilibidi nimwambie. Kwenye maombi anakaa benchi la nyuma. Chakula anajipikia. Na kikombe chake tumekitia alama kisichanganyike na vyetu."

"Alama gani?"

"Rangi ya kucha. Nyekundu."

"Si mnakatazwa rangi ya kucha huko?"

"Tunakatazwa kupaka kwenye kucha, Bibi."

Nikaweka ungo chini.

"Na huyo aliyempa mimba?"

"Watu wanasema ni mpiga kinanda wa kwaya. Lakini hatuna uhakika."

"Bado anapiga kinanda?"

"Anapiga."

"Ananywea kikombe gani?"

 Nilimwuliza wakubwa wa chuo wamesemaje. Akasema mlezi wa wanafunzi ameagiza Yustina aendelee na masomo na afanye mitihani yake kama wengine. Kumbe wenye kumtenga ni wao wenyewe, watoto wa sala! Nikauliza sasa hivi Yustina yuko wapi.

"Alibaki hosteli. Baba yake alimwambia asikanyage nyumbani. Ila hosteli zinafungwa Ijumaa."

"Na baada ya Ijumaa?"

"Sijui, Bibi. Tunamwombea."

Tunamwombea! Mwanangu, neno hilo lilinipanda kichwani kama moshi wa kuni mbichi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na maombi ya chumba cha pili hayampelekei mtu uji. Jumapili mnakwenda kwenye meza ya Bwana mnapokea kikombe kimoja, midomo yote hiyo, hamwulizani nani kafanya nini. Jumatatu mnakaa chini kuvigawa vikombe kwa rangi! Na mnasema mila za wazee mmeziacha. Mmeziacha wapi? Mmezivisha sketi ndefu mkaingia nazo kanisani.

Nilimwambia, "Wewe binti, kaa. Usiinuke. Leo utasikia habari ambayo hata mama yako hajaambiwa."

Nikamweleza kibuyu cha Marta, kisha nikamweleza safari.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, wazee walimjia baba. Baba hakubisha. Alfajiri alimwamsha Marta, nami nikaamka. Nilikataa dada aende peke yake, nililia hadi mama akasema nimfuate nimbebee mzigo. Tuliteremka kutoka ule ukungu wetu, tukatembea siku ile na siku ya pili, hadi mlima Hanang ukasimama mbele yetu na nyasi zikawa za rangi ya simba. Baba alitangulia. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Wasichana wengi wa kwetu walipelekwa huko hivyo hivyo, kwa Wabarbaig, watu wa ng'ombe, ambao sisi tuliwaita wapagani na kuwaogopa kwa mikuki yao. Maana yake mtoto wako ukimwona ni uchafu, unampeleka kwa mtu unayemwona mchafu zaidi. Nyani haoni kundule.

Tulifika Gendabi kwenye boma la mama mmoja aliyeitwa Udamara. Mrefu, sketi ya ngozi, vikuku mkononi hadi kwenye kiwiko. Alijua lugha yetu kidogo, ya kuokotaokota. Alimtazama Marta tumbo, akamtazama miguu iliyovimba, akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa. Akanywa yeye kwanza. Kisha akampa Marta kibuyu hicho hicho.

Marta alirudisha mikono nyuma. "Mama, mimi siruhusiwi," akasema. "Nitakuharibia kibuyu."

Udamara akamgeukia baba. Baba alikuwa amebaki nje ya mlango wa boma, kofia mkononi, kama mtu aliyeleta mzigo anataka kurudi.

"Baba, wewe una ng'ombe?" akamwuliza.

"Ninao."

"Ng'ombe wako akizalia porini, unafanyaje?"

Baba akasema, "Namfuata namleta nyumbani."

"Yeye peke yake?"

"Yeye na ndama."

"Ukimwacha, nani atamchukua?"

"Fisi," baba akasema, sauti ndogo.

"Kumbe unajua." Akamwekea Marta kibuyu mdomoni kwa mkono wake. "Mtu anayejua hivyo kwa ng'ombe, amelala wapi akasahau kwa mtoto?"

 Mzee wa kanisa mzima, anayegonga chuma Jumapili watu wakakusanyika, alisimama mbele ya mama asiyejua hata herufi moja, akaangalia kofia yake. Tukarudi nyumbani yeye na mimi tu. Marta hakurudi tena Daudi. Alijifungulia kwa Udamara, akaolewa huko, akafa huko, akazikwa na watu waliomlilia kweli.

Rebeka alikuwa analia hapo. Nilimwacha alie. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

"Mtoto aliishi?" akaniuliza.

"Godoro unalolalia chuoni," nikasema, "nani alilibeba begani kutoka stendi hadi chumbani kwenu?"

"Mjomba Gidawaya."

"Basi ndiye huyo."

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Gidawaya huja hapa kwangu na shuka lake na fimbo yake, analeta asali, Rebeka amemjua tangu anatambaa. Siku ya kuanza chuo, mama yake alikuwa mgonjwa, mjomba ndiye aliyempeleka. Alisimama chumbani pale kati ya vitanda vya chuma, akawaambia wale wasichana wengine, Yustina akiwemo, "Mtunzane. Nyie sasa ni boma moja." Walicheka kidogo kwa jinsi alivyosema, kisha wakamwitikia. Gidawaya ndiye ile mimba iliyofukuzwa nchini ili mvua inyeshe. Sisi tulinyamaza miaka yote, tukisema tu "wa kule Gendabi", kwa sababu tuliona aibu juu ya Marta. Aibu ilikuwa yetu, na ukoo mzima tulimtwisha yeye.

Nilichukua simu nikampigia. Nilimweleza kwa maneno machache. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Huyo binti hana shangazi wa kumchukua?"

"Hakuna aliyekwenda," nikasema.

"Nakuja, Mama. Namchukua Rebeka asubuhi."

Walikwenda na basi la kwanza. Rebeka aliniambia baadaye kwamba Yustina alikuwa amekaa kitandani, begi limefungwa, hajui atalipeleka wapi. Alipomwona Rebeka mlangoni aligeukia ukuta. Rebeka alitaka kusema yale maneno aliyoyapanga njiani, yakakwama. Akapiga magoti sakafuni. Gidawaya hakusubiri wamalize, alikuwa anakunja godoro.

Walifika kwangu Ijumaa jua likishuka. "Shikamoo, Bibi," Yustina akasema kwa mbali, karibu na kuku. Nikaitikia marahaba, nikamwita moto ulipo. Rebeka akafungua mfuko, akatoa kile kikombe. Alitaka kukikwangua kwa kisu. Nikamwambia aache. Nikamimina uji humo, nikanywa mimi kwanza, nikampa Yustina. Aliunywa wote. Rebeka naye akanyoosha mkono, nikamwambia, "Wewe subiri zamu. Leo mgeni si wewe."

Sijapoa, mwanangu. Na wewe unayesoma haya, kama uko kwenye ushirika wowote wa sala, wa kwaya, wa chumba kimoja, jiulize kikombe chenu chenye alama ni cha nani. Dhambi ikemee, sikukatazi. Mimi mwenyewe nitamkemea Yustina akishapata nguvu, na mpiga kinanda nitamwandikia kwa mkono wangu huu wa darasa la nne, asome barua yangu kabla hajagusa kinanda kingine. Lakini mtu hukemewa akiwa amekaa na wewe motoni, si akiwa nje kwenye baridi. Usimtenge mtu kisha ukaita upendo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, maana hujui kesho ni boma la nani litakalokufungulia. Na mwenzako akisema hana pa kulala Ijumaa, usifumbe macho kusali kabla hujafungua mlango.

Nakubariki hivyo hivyo na hasira zangu. Mvua ikunyeshee na mtoto wako akiwa nyumbani. Ng'ombe wako wazae karibu na watu. Ukipotea porini, akufuate mtu anayejua jina lako. Ukikosea, upewe kikombe ambacho mwingine amekinywea kwanza.

Changu mimi ni hicho chenye rangi nyekundu. Kipo hapa juu ya kabati. Atakayekuja kwangu atanywea hicho.