Nilivyopeleka picha ya RAW barazani Gehandu kumdai maksai wangu

Wakuu, habari za humu.

Wengi wenu ni wa umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, tusipoteze muda. Naandika kwa kidole kimoja na miwani ina ufa. Mkiona herufi imeruka, ruka nayo. Shule niliishia darasa la nne.

Haya ninayoandika yameniaibisha mimi mwenyewe, basi msidhani nimeyatunga. Mtu akitunga hujitungia sifa.

Juzi nimeona vijana mnabishana humu kama RAW kwenye simu ina faida au inajaza tu memori. Nimesoma mpaka mwisho. Kila mmoja anajua. Mimi RAW imenifikisha barazani, ngoja niwaeleze.

Kwanza mnifahamu. Nakaa upande wa Dongobesh, ni mjane, nalima mahindi, maharage na vitunguu swaumu. Binti yangu Paulina alikuwa akipiga picha za harusi na kipaimara kwa simu. Alipopata nyingine akaniachia ile ya zamani, na kamera yake akaiacha ilivyokuwa, imewekwa RAW.

Maana yake ni kwamba kila ukipiga mara moja zinatoka mbili. Moja ni ile ya kawaida, nyepesi, inapendeza. Ya pili wanaita DNG, nzito, imepauka kama ugali wa jana. Nikamwambia Paulina hii mbaya naifuta. Akanikatalia.

"Mama, hiyo nzuri simu imeshaamua yenyewe nini kionekane. Hiyo mbaya haijaamua kitu. Ilichokiona chote imekibeba."

Basi nikazibeba na mimi. Kila wiki simu inalia nafasi imejaa, kila wiki nakaa kuhamishia kwenye memori kadi, moja moja, nangoja, nimechoka. Kuna siku nilitaka kuitupa kwenye shimo la choo. Paulina akanionyesha na app ya kuedit, pale pa kuburuta mwangaza na pale pa kuburuta vivuli. Nilijifunza kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli uzeeni, kwa kuanguka.

Sasa maksai.

Nilikuwa na wawili. Mmoja mweusi mtupu. Mwingine mweusi ila mguu wa nyuma wa kushoto mweupe, tukamwita Soksi. Nilimnunua akiwa bado mdogo na sikumkata alama ya sikio. Uvivu wangu. Wa kwenu mkateni mapema.

Soksi alipotea wakati wa malisho ya kiangazi, sasa ni mwaka wa pili. Tulimtafuta mpaka Yaeda Chini, hakuna. Na mnaolima mnajua, nira ni ya wawili. Maksai mmoja ni mzigo tu, anakula na halimi. Tangu hapo naomba maksai wa watu, na maksai wa watu huja wenye nao wakishamaliza kwao. Mvua inanyesha, jirani mahindi yamefika magotini, mimi ndiyo naanza kupasua shamba. Miaka miwili hivyo. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo, muielewe msije mkanihukumu haraka.

Mwaka huu mkwe wangu anayezunguka minadani na mbuzi akaniletea habari. Kule Gehandu, Hanang, kwenye zizi la mtu mmoja, ameona maksai mweusi, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe.

Sikungoja. Nikaenda.

Mwenye zizi anaitwa Gidaweda, mfugaji, mtu mzima mwenye watoto wake. Alinipokea vizuri, shikamoo mama, kigoda, maziwa. Nikaomba kuona ng'ombe. Walikuwa wanaingia jioni, vumbi limesimama, nami niko nje ya uzio wa miiba. Nikauona ule mguu mweupe unapita.



Nikasema pale pale, mbele ya wake zake, watoto wake na jirani aliyekuja kuazima jembe, kwamba huyu ni Soksi wangu na wewe ni mwizi. Alijibu taratibu kwamba yule amezaliwa kwenye zizi lile lile, mama yake yupo, na alama ya sikio ni ya ukoo wao. Nikamwambia sikio si hoja, hata mwizi ana kisu cha kulikata.

Ndivyo nilivyosema. Maziwa yake nikiwa nimeyanywa.

Kumwita mfugaji mwizi langoni kwa zizi lake si jambo la kuondoka na kusahau. Mwenyekiti wa kitongoji akapanga siku, wazee wanne wakaitwa, nikaambiwa nilete ushahidi.

Na ushahidi nilikuwa nao, ndivyo nilivyojua. Muda kidogo kabla Soksi hajapotea nilipiga picha ya vitunguu swaumu nilivyovianika juani, nimtumie mnunuzi. Nyuma ya vitunguu, ndani ya kivuli cha banda, Soksi amesimama. Sikumpiga yeye, aliingia tu.

Siku ya baraza nikafika na simu imejaa chaji na power bank ya kuazima. Gidaweda akaniamkia tena. Shikamoo mama. Kila mara alikuwa ananiamkia, na kila mara ilinichoma.

Nikaonyesha kwanza ile picha ya kawaida. Vitunguu vinang'aa hadi unasikia harufu. Bandani kweusi. Mzee mmoja akaishika simu, akaisogeza machoni, akairudisha.

"Bibi, hapa umetuletea giza lenye miguu minne."

Wakacheka. Nikawaacha wacheke.

Nikafungua DNG kwenye app. Mwanzo ilikuwa mbaya zaidi, imefifia yote. Nikashika pale pa vivuli, nikaburuta kidogo. Bandani kukaanza kupambazuka. Ukatokea mgongo, ukatokea mkia, na chini kabisa ukatokea mguu mweupe.

 Gidaweda akasimama.

"Huyu mama anapaka chokaa kwa kidole," akasema. "Mmeona wenyewe. Mguu ulikuwa mweusi, kapitisha kidole, umekuwa mweupe. Kesho atapitisha kidole kwenye mbuzi wangu."

Na hapo, wakuu, nilikwama.  Nitawaelezaje wazee kwamba weupe ulikuwamo tangu siku ile, ila simu iliubana ikavijali vitunguu? Hata mimi siielewi yote. Nikasema haiongezi kitu, inatoa kilichomo. Mzee mmoja akajibu kwamba hata mganga husema hivyo.

Aliyeninasua ni mama yake Gidaweda. Bibi mkubwa kuliko mimi, macho bado makali, alikuwa amekaa pembeni na ugoro wake muda wote. Akasema kwa lugha yao, mwenyekiti akatutafsiria. Alitaka nipige picha nyumba yake. Ataingia peke yake na kupanga vitu ndani, mimi nisiingie. Nipige kutoka uani, ukuta unaowaka jua uingie pamoja na mlango. Halafu nipitishe hicho kidole, na nitakachokitoa watu wataingia kukihesabu. Nikitoa kisichokuwamo, mimi ndiye mwizi.

Nikakubali. Ningefanya nini?

Akaingia, akatoka, akajifuta mikono. Nikapiga. Kwenye ile ya kawaida mlango ulikuwa shimo jeusi, hata kizingiti hakionekani. Nikafungua DNG, wazee wakanijia begani wote, mpaka nikawaambia waniachie hewa. Nikaburuta vivuli. Picha ikajaa chengachenga kama mchanga, ndiyo gharama yake, mtaizoea. Lakini vitu vikaja.

Vibuyu vitatu vya maziwa, kimoja kimelazwa. Kigoda kimepinduliwa miguu juu. Ndama amefungwa. Na nyuma ya kigoda, chini, kitu cha duara.

Nikaulizwa hicho nini. Nikazoom, nikasema ni kuku ameatamia.

Yule bibi akakataa. Alisema yeye hajaweka kuku, na humo ndani hamna kuku. Gidaweda akapiga makofi mara moja, akawaambia wazee si nilisema.

Mwenyekiti akaingia na tochi. Alikaa kidogo. Kisha tukasikia kuku analalamika, naye akatoka anafyonza kidole kilichodonolewa. Mke mdogo wa Gidaweda akasema, kumbe yuko hapa, wiki nzima namtafuta. Akaenda kuhesabu mayai, baraza hakulijali tena.

Vibuyu, kigoda na ndama navyo mwenyekiti alivikuta, basi ikakubalika. Bibi mwenyewe ndiye aliyesema kwamba kidole hakiongezi. Gidaweda akakaa chini, uso umeshuka. Hakuwa na uso wa mwizi, na niliuona. Nikajifanya sijauona.

Mwenyekiti akaamuru maksai aletwe, asimamishwe mbele yetu, nami nifungue tena picha ya kwanza tulinganishe.

Wakamleta. Mara hii hakukuwa na vumbi. Mguu mweupe mzuri kabisa.

Nikafungua. Nikaburuta mpaka nusu. Mguu mweupe kwenye simu, mguu mweupe pale mbele. Mzee yule wa giza lenye miguu minne akatikisa kichwa kukubali. Mwingine naye. Nilikuwa nimeshinda, wakuu. Nira yangu imepata wa pili. Kilichobaki ni kuzima simu na kushika kamba.

Lakini kwenye ule weupe, chini karibu na kwato, niliona kama pana kitu. Kivuli tu. Kwa nusu ile huwezi kusema ni nini. Wao hawakukiona, hawajazoea. Mimi nimekaa na hizi picha mbaya miaka miwili nikizihamisha, najua kivuli kinachotaka kuwa kitu.

Hakuna aliyeniambia niendelee.

Nilifikiria shamba langu. Sitawadanganya, nililifikiria.

Kisha nikaburuta mpaka mwisho.

Ikatoka pete. Pete nyeusi imezunguka mguu wote juu kidogo ya kwato, upana wa kidole. Na nilipoiona tu, mkono wangu ukakumbuka kabla ya kichwa. Nilikuwa nampaka dawa ya kupe pale pale, kidole kinaizunguka ile pete, naye ananipiga na mkia. Miaka miwili nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimekumbuka soksi tu.

Nikainama kwenye mguu wa maksai aliyesimama mbele yetu. Nikapangusa kwa kanga. Mweupe mpaka kwenye kwato.

Nikasema, "Siye. Wangu ana pete."

 Gidaweda alinitazama, akatazama simu, akanitazama tena. Nadhani alikuwa hajaelewa nimesema nini. Mwenyekiti ikabidi arudie kwa lugha yao.

Nikaomba twende langoni kwa zizi, kwa sababu neno nililitoa pale, na pale ndipo pa kulirudisha. Nikasema mbele ya wale wale, na yule jirani wa jembe akaitwa, kwamba Gidaweda si mwizi, kwamba macho yangu siku hizi yanaona weupe tu, hayaoni kilicho ndani ya weupe, na sikutaka kukiri. Magoti hayakubali tena kupigwa, lakini nilijitahidi.

Wazee wakanitoza kondoo mmoja. Haki yao. Nilimpeleka wiki iliyofuata.

Mama yake Gidaweda aliniambia neno moja tu wakati naondoka, na alilisema kwa Kiswahili, kumbe anakijua. "Ungeacha katikati, mwanangu angebaki mwizi mpaka kufa kwake."

Nilipanda bodaboda nikarudi, vumbi lote la Hanang mdomoni. Soksi sijampata. Shamba mwaka huu pia nimelima kwa kuomba, nimechelewa, mahindi mnaweza kuyakisia.

Sasa somo, kwa wanaouliza kama RAW ina faida.

Ina faida. Msifute ile mbaya mkabaki na nzuri. Ile nzuri ingenitosha kumdhulumu mtu, hata mimi nisingejua. Na ukienda nayo mbele ya watu, iburute mbele yao, usilete iliyokwisha kuburutwa nyumbani. Na mkakate masikio ya ng'ombe wenu. Na macho, nimeandikiwa kwenda kupimwa hospitali ya Haydom, nitakwenda.

Ila kuna kitu simu haikufundishi. Inakupa kidole, basi. Haikuambii usimame wapi, na kila mtu ana pale pa nusu panapompendeza.

Sitaki pole zenu, zimenitosha za kanisani. Nataka yule ambaye angeishia nusu, akashika kamba akaondoka na maksai, aandike hapa chini na aseme kweli. Sitamtukana. Maana siku ile, kabla sijaburuta, nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyowaeleza.