Vidole Vitano vya Mbolea

Mwenye ploti wetu wa zamani aliingia dukani kwangu mtaani Kabiro wiki jana, anatembea kwa mkongojo, akaulizia gunia la mbolea. Hakunitambua. Mimi nilimtambua kabla hajavua kofia, na nikafurahi, rafiki yangu, furaha mbaya niliyoitunza tangu utotoni.

Wakati huo niliishi na nyanya yangu mtaani Sarang'ombe, kwenye chumba cha mabati cha kupanga. Alikuwa ametoka Machakos, kulima kulikuwa damuni, akapata kipande cha shamba kando ya mto, akapanda sukuma na nduma. Mbolea ya dukani, ile ya chumvichumvi, aliiweka kwenye kibanda alichojenga ubavuni mwa chumba. Jioni, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ukitokota na harufu ya maharagwe imejaa ndani, sikupakuliwa kabla ya kuhesabu vidole. Cha kwanza, gunia likae juu ya mbao. Cha pili, mdomo ufungwe. Cha tatu, mvua isifike. Cha nne, mbali na moto. Cha tano, mbali na mnyama. Nikikosea narudia mwanzo, na njaa inaniuma.

Mnyama wetu alikuwa mbuzi mmoja wa maziwa. Nyanya alisema nikimaliza darasa la nane atamuuza, nipate sare niende sekondari. Nilimkatia majani kila siku nikijua nalisha masomo yangu.

Siku moja ya mvua, nyanya akiwa shambani, mwenye ploti alikuja na fundi kubomoa kile kibanda, ajenge chumba kingine cha kupangisha. Akaburuta gunia mpaka uani, likapasuka.

"Mzee, hapo kuna mbuzi," nikamwambia, nikaanza kumhesabia vidole.

Akacheka. "Ona haka kasichana, ati kananifunza," akamwambia fundi. "Mbolea ni ya mimea, itamfanya nini mbuzi?"

Nilijaribu kufungua kamba ya mbuzi, fundo limelowa, likanishinda. Nikakimbia mtoni kumwita nyanya. Tuliporudi, mbolea ilikuwa imeyeyuka kwenye madimbwi, na mbuzi ameshakunywa maji hayo. Alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba, na kabla ya jioni akafa. Mwenye ploti hakusema hata pole. Wenzangu walipoenda sekondari, mimi nilibaki nachuma sukuma, na nilimchukia kila asubuhi walipopita na sare zao.

Kwa hiyo wiki jana nilimuuliza mbolea ataiweka wapi.

"Hapo nyuma tu, kwa zizi la mbuzi."

Ningeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli, nilitaka kunyamaza. Lakini mbuzi wake hawajanikosea. Nikashika gunia, nikamwambia simuuzii mpaka nimhesabie vidole naye avirudie. Wateja wakageuka kutazama. Alikosea cha tatu, nikamrudisha mwanzo. Akakosea tena, nikamrudisha tena, jasho likimtoka.

Alipofika cha tano akasema, "Mbali na mnyama."

"Mnyama gani?"

"Mbuzi," akasema, kisha akanitazama usoni. "Wewe ni kale kasichana."

Nilimpa gunia lake, akaondoka. Shamba la mtoni siku hizi ni vyumba vya kupangisha tu, nyanya alishazikwa kwao Machakos, na jioni nikipakua chakula hakuna anayenidai vidole. Mzee yule sijamsamehe. Lakini mbuzi wake wako hai.