Shavu Ukutani

Siku fundi alipomwona mara ya kwanza, bibi yule alikuwa ameegemeza shavu kwenye ukuta wa kijumba cha kale cha shambani, amefumba macho. Bosi wa shamba alikuwa amemtuma fundi akaikague nyumba. Fundi akisema kuta zimekwisha, inabomolewa. Kwa kuwa ni mtu wa haya, akaanza kugonga kuta kwa nyundo mbali naye.

"Unampiga mzee wa watu bure," bibi akasema. "Nyumba hii aliijenga baba mkwe wangu, mawe na udongo, kabla shamba halijawa na hata uzio. Lete shavu." Kila asubuhi bibi alizunguka hivyo chumba kwa chumba, kiganja kikitangulia, akiguna penye ubaridi wa unyevu kama anayepima homa ya mtoto. Fundi aliona aibu, lakini akaweka shavu. Pakavu. Kwingine nako pakavu. Chini ya dirisha la jikoni tu ndipo maji yalipoingia, mahali padogo pa kufunikwa na mkeka mmoja. Jioni akamwambia bosi, bila kuinamisha kichwa, kwamba nyumba itasimama. Alipaziba kwa siku tatu. Alipokuwa akifunga vyombo vyake, bibi alimwambia neno la mwisho alilolisikia kwake: "Ukipita tena huku usipige hodi, mwanangu. Ingia tu, utanikuta."